Shika Ukuta

Tarehe 9 Februari

Dada,

Usianze kunigombeza kwamba nimechelewa kuandika. Salamu zako zote nimezipata, na za mama zimefika na maonyo yake kama kawaida. Mwambie sweta navaa. Mwambie pia mjukuu wake ameota jino, na sasa wifi yako hamnyonyeshi mpaka amkague mdomo kwanza kama askari wa getini. Tuko wazima. Nyumba tuliyopanga ni ndogo, ukinyoosha miguu unagonga jiko, lakini haivuji. Mgongo wa shemeji vipi? Asibebe ndoo, abebe magazeti yake tu.

Sasa nikwambie linalonikera. Shule hii ina jengo la ghorofa, na ngazi yake iko nje. Upande mmoja ni ukuta, upande wa pili ni reli ya chuma ya kushikia. Ile reli, kule juu ngazi inapoishia, imeachia. Ukiigusa inacheza. Ukiiegemea, Mungu akuhurumie. Siku yangu ya kwanza niliwasikia walimu wote wakiwapigia wanafunzi kelele moja: "Shika ukuta! Shika ukuta!" Nikadhani ni nidhamu. Kumbe ndiyo namna yao ya kuitengeneza reli! Wanafunzi wamefundishwa wakafundishika. Wakipanda wamebana ukutani, wakishuka wamebana ukutani, na mkono mmoja umejaa chokaa. Sasa hata mimi napiga hiyo kelele.

Utauliza kwa nini hakuna anayemwambia Mkuu. Mkuu wetu si mtu mbaya. Anasalimia kila mtu, na kila kikao anatukumbusha kwamba mlango wa ofisi yake uko wazi. Ni kweli uko wazi, kitasa kilivunjika na haufungi. Ukiingia na jambo lako, waliokaa kwenye benchi nje wanakusikia mpaka unavyomeza mate. Njia iliyobaki ni kwenye kikao, mwisho kabisa, kwenye mengineyo. Hapo Mkuu anauliza, "Kuna mwenye jambo?" Lakini huku kuna desturi: mwenye jambo ndiye anayekabidhiwa jambo. Mwalimu wa kemia aliwahi kusema vyoo vya wanafunzi vimeziba. Mkuu akamshukuru sana, akamteua papo hapo kuwa mwenyekiti wa kamati ya vyoo, na kamati yenyewe ni yeye peke yake. Tangu siku hiyo vikiziba anaitwa yeye, hata akiwa katikati ya kipindi, na jina lake limekuwa Waziri. Kwa hiyo Mkuu akiuliza, sote tunatazama birika la chai.

Kikao kilichopita nilitaka kusimama. Mzee wetu wa historia, anayekaa kando yangu, akanivuta koti. "Kaa, kijana. Chai inapoa." Nikakaa.

Nami unajua bado sijathibitishwa kazini. Taarifa yangu anaiandika Mkuu mwezi wa sita. Nisipothibitishwa ninafungasha, na mtoto huyu na jino lake twende wapi? Wewe ni mwalimu mkuu, hiyo meza unaijua kutoka upande wa pili. Niambie nifanyeje.

Mdogo wako,
Redio


Tarehe 27 Februari

We Redio,

Barua yako nimeisoma kwa sauti na mama amecheka mpaka ameshika ubavu. Anasema hilo jino lisiguswe. Macho yake anadai yanaona vizuri, ila juzi alilisalimia koti la shemeji yako lililotundikwa mlangoni, akanuna kwa sababu halikuitika. Shemeji yako mgongo umepata nafuu, na magazeti bado anayabeba. Mimi nipo, nakimbizana na ukarabati wa madarasa na wazazi wanaokuja kuzungumza wakati mimi natoka.

Haya, la reli. Nikuulize kwanza: uko hapo muda gani? Hata harufu ya chumba cha walimu hujaizoea. Wapo watu wameifundisha shule hiyo tangu wewe unavaa kaptula, nao wamenyamaza. Unafikiri hawana macho? Wanajua kitu ambacho wewe hujakijua. Ukisimama wewe mgeni, Mkuu hatasikia habari ya reli, atasikia kwamba kuna kijana anamtia kasoro mbele ya watu. Nakuambia kama mtu wa meza hiyo. Mwalimu ambaye bado hajathibitishwa na tayari ana malalamiko, mkono unakuwa mzito kumsainia.

Subiri uthibitishwe. Kisha sema, tena kwa upole, faraghani. Reli imecheza kabla hujafika, na itaendelea kucheza. Wanafunzi wanashika ukuta, si ndiyo? Basi.

Tena usidhani kila shule iko hivyo. Mimi kila kikao nauliza kama kuna mwenye jambo, na hakuna anayefungua mdomo, kwa sababu walimu wangu wameridhika. Lingekuwepo ningejua.

Tulikuita Redio kwa sababu ulikuwa ukisikia jambo humu ndani, mtaa mzima unalipata kabla ya chakula. Mara hii jizime kidogo, mdogo wangu. Nakuomba.

Mbusu mtoto. Wifi yangu mwambie deni la picha bado analo.

Dada yako


Tarehe 21 Mei

Dada,

Nisamehe ukimya. Hapa nyumbani salama, mtoto anatambaa na kila kitu anakipeleka mdomoni. Mama nimemtumia dawa ya macho kwa yule jirani yenu aliyepita huku.

Mwalimu wa mazoezi ameanguka kwenye ngazi.

Sikuwa nimekutajia habari zake. Ni binti wa chuo, aliletwa kwetu mwezi wa tatu kufundisha hesabu na kupimwa, kama tulivyopimwa sisi. Mpole, mwepesi, anacheka na wanafunzi lakini hawamchezei. Wiki iliyopita kengele ilipolia, madarasa ya juu yalitoka yote kwa pamoja. Yeye alikuwa anapanda na madaftari amekumbatia kifuani. Wanafunzi wakawa wanashuka kama tulivyowafundisha, mstari mmoja, wamebana ukuta wote toka juu mpaka chini. Akapita upande uliobaki. Kule juu akasogea kumpisha mtoto mmoja aliyejikwaa, akaegemea.

Tuliwafundisha vizuri mno, dada. Ule upande salama tuliujaza wote, hatukumwachia mgeni pa kupita.

Nilikuwa chini uwanjani. Nilisikia madaftari kwanza. Amevunjika nyonga na mkono. Madaktari wanasema atatembea, ila hawasemi atatembeaje.

Siku iliyofuata Mkuu alituita. Taarifa ilikuwa imeshaandikwa: kwamba mwalimu huyo alikuwa na haraka, alibeba mzigo kupita kiasi, hakuzingatia utaratibu wa shule wa kushika ukuta. Eti utaratibu! Na kwamba reli ilikuwa haijawahi kulalamikiwa na mtu yeyote. Hilo la mwisho ni kweli tupu, ndiyo maana hakuna aliyeweza kulipinga. Karatasi ikazunguka meza. Mzee wa historia akasaini. Waziri akasaini, kalamu ikamponyoka, akaiokota. Ikafika kwangu.

Chuo wakiisoma, kosa linakuwa lake. Mazoezi hayahesabiwi na mwaka anaurudia, kama ataweza kusimama mbele ya darasa. Mpaka leo mkono niliosaini nao naona kama si wangu. Niandikie, dada. Niandikie chochote.

Mdogo wako


Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Dawa imefika, ingawa anaitia kwenye jicho moja tu, lile lingine anasema halijamkosea. Paa la jikoni lilivuja na shemeji yako alipanda kuliziba bila kusikia la mtu, sasa mgongo umerudi palepale. Mitihani ya muhula imekwisha, nimechoka.

Poleni sana na ajali. Ajali haina mwenyewe. Tunamwombea huyo binti apone.

Je, umeshathibitishwa?

Ile barua yangu ya Februari, kama bado unayo, usiiache mahali ovyo. Watu husoma vitu wakavielewa vibaya.

Dada yako


Tarehe 12 Julai

Dada,

Mtoto hajambo, mama yake hajambo. Salamu zimekwisha.

Nimethibitishwa. Mkuu mwenyewe alinikabidhi barua mbele ya walimu wote, akasema mimi ni mfano wa kijana mtulivu, wakanipigia makofi. Mzee wa historia akanipiga begani. "Unaona sasa?" Niliona.

Barua yako ya Februari ipo, chini ya nguo za mtoto. Usiogope, hakuna atakayeisoma. Yaani mimi nakuandikia kwamba mtu amevunjika, wewe unaniuliza karatasi yako iko wapi! Nilikasirika siku nzima mpaka wifi yako akaniuliza nimegombana na nani. Sikukutaja, kwa sababu nikikuhesabia wewe lako inabidi nihesabu na langu, na langu sijakuandikia lote.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu mlezi wake. Nilikabidhiwa mimi. Siku aliyofika nilimtembeza shule nzima. Nilimwonyesha birika linalopiga shoti ukishika mpini vibaya, dirisha lisilofunguka, kabati la chaki, mwanafunzi anayejifanya anaumwa tumbo kila kipindi cha hesabu. Nilimwonyesha hata kiti cha mzee wa historia asije akakikalia. Tulipofika kwenye ngazi, Mkuu alikuwa anatembea nasi, anamwambia mlango wake uko wazi. Nikasema moyoni, akiondoka nitamwambia. Mkuu akaondoka. Tukawa tunacheka jambo jingine. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema atakuwa ameshawasikia wanafunzi wakiambiwa, atajua mwenyewe. Basi kila siku ilikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa nzuri tu.

Ushauri ulikuwa wako, lakini mdomo ulikuwa wangu. Ningeweza kumnong'oneza maneno mawili tu pale kwenye ngazi. Hayo hata Mkuu asingeyasikia.

Sijaenda kumwona. Yuko nyumbani kwa wazazi wake sasa, na nyumba naijua. Nimefika mara moja mpaka kwenye kona yao nikageuka, nikamwambia wifi yako duka lilikuwa limefungwa.

Mdogo wako


Tarehe 3 Agosti

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, na leo sikumsomea barua yako. Nilimwambia umeandika habari za kazi tu, akaniambia, "Mbona umekaa nayo jikoni muda wote huo?" Macho yanamsumbua, lakini mimi ananiona.

Uliponiandikia habari ya binti yule, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa yeye. Ilikuwa barua yangu. Nikawaza mtu akiiona, mwalimu mkuu mzima ameandika kwa mkono wake kwamba reli mbovu iachwe. Nikakuandikia yale ya paa. Nimeona aibu, na sina pengine pa kuipeleka.

Nilifanya kikao juzi. Mwishoni nikauliza kama kawaida, "Mengineyo?" Kimya. Miaka yote kimya kile nimekipenda, nimekiita amani. Safari hii nikatazama macho yao yamekwenda wapi. Yote yalikuwa kwenye birika, ndugu yangu! Na birika letu halikuwa hata na chai, mpishi alikuwa hajaja.

Walipotoka nikamzuia msaidizi wangu, mama mmoja asiye na maneno mengi. Nikamwuliza kwa nini walimu hawasemi kitu. Akasema hakuna kitu. Nikafunga mlango, nikamwuliza tena. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ukiletewa jambo, swali lako la kwanza ni 'Na nani mwingine analalamika?' Watu wanaogopa kutaja wenzao. Kwa hiyo tunamalizana wenyewe." Nikataka kukataa. Na unajua neno lililonitoka ni lipi? Nilimwuliza, "Nani mwingine anasema hivyo?" Nilikaa chini.

Kisha akaanza kunieleza mambo wanayoyamalizana wenyewe. Sitakuandikia yote. Yupo mwalimu wa darasa la kwanza ambaye tangu mwaka jana kifua kinambana kwa vumbi la ule ukarabati ninaojisifu nao, na wenzake wamekuwa wakimshikia vipindi kwa zamu, wakiniviziavizia nisijue. Mimi nilikuwa namwona koridoni akipumua kwa shida, namwambia apunguze mwili.

Siwezi kukuambia lingine kuhusu kazi yako, nimeshakushauri ya kutosha. Ila nenda kwa huyo binti. Kabla ya ofisi, kabla ya kikao, kabla ya kunijibu mimi, nenda kwake. Na siku ukisema, wakikuuliza nani alikufundisha kunyamaza, nitaje. Barua itoe chini ya nguo za mtoto uwape wasome. Mwandiko ni wangu na cheo ni changu.

Dada yako


Tarehe 19 Septemba

Dada,

Mtoto amesimama. Anashikilia kiti, anatuangalia kama anayedai makofi, kisha anakaa kwa kishindo. Mwambie mama, atafurahi. Koti la shemeji nalo lisalimie.

Nimesema. Ilikuwa kwenye mengineyo. Mkuu alipouliza nikasimama, mzee wa historia akalidaka koti langu, nikalivua nikamwachia. Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha. Nikasema reli ilikuwa mbovu tangu nifike, kwamba niliijua, kwamba kila aliyekuwa mle aliijua, na kwamba naomba sahihi yangu itolewe kwenye ile taarifa. Hakuna aliyecheka tena. Mkuu hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Aliniuliza taratibu kabisa, "Sasa, mwalimu, mbona hukuniambia? Si mlango wangu uko wazi?" Nikamwambia, "Ulikuwa wazi. Niliogopa." Waziri akasimama baada yangu. Alisimama tu, akabaki amesimama. Wengine walikaa. Maelezo yangu nimeyapeleka chuoni mwenyewe. Barua yako sikuitoa. Hapo ilipo pananitosha, nikikunja nguo naiona.

Reli imechomelewa na imepakwa rangi. Mimi nimeambiwa nijiandae kwa uhamisho, bado hawajasema wapi. Wifi yako ameanza kufunga vyombo bila kuniuliza, na ukimya wake huo naustahili. Wanafunzi bado wanashika ukuta. Nimewasimamia pale juu, nimeitikisa reli mbele yao waone ilivyo imara, wakaniangalia kwa heshima wakapita wamebana ukutani.

Nilikwenda kwa yule binti kwanza, kama ulivyosema. Nimekuachia hili mwisho kwa sababu sikujua nitaliandikaje.

Alikuwa sebuleni, mguu ameuweka juu ya stuli, fimbo mbili kando. Mama yake alinikaribisha vizuri mno, akaniita mwalimu wake, nikatamani ardhi inimeze. Tulipobaki wawili nikamwambia yote. Kwamba nilijua. Kwamba nilimwonyesha mpaka birika, lakini reli sikumwonyesha.

Akasema, "Najua, Mwalimu. Siku ile ya kwanza ulipokuwa unashuka mbele yangu, ulishika ukuta."

Akaendelea, wala hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. Akasema wiki ileile ya kwanza alikuja kuigusa ile reli mwenyewe akaona inacheza. Alikusudia kuniuliza. Alifika mpaka mlangoni mwa chumba cha walimu, akanikuta nasahihisha, akarudi. Nikamwuliza kwa nini, dada. Kweli nilimwuliza! Akanitazama kama anayeshangaa kwamba sijui.

"Wewe ndiye uliyekuwa unajaza tathmini yangu," akasema. "Nikaona nisubiri nipite kwanza."

Maneno yangu, dada. Maneno yako. Nilikuwa nimekaa miezi yote hiyo namwogopa Mkuu, namwona Mkuu ndiye mlango wenyewe, na kumbe kulikuwa na mtu nje ya mlango wangu, na mimi sikuwahi kuinua macho kwenye madaftari.

Nilipoaga akaniuliza kama ile tathmini niliijaza kabla hajaanguka. Nikasema ndiyo. Akaniuliza niliandika nini, akitabasamu, kama mwanafunzi yeyote anayetaka kujua alama zake. Nilitaka kumdanganya. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimpa alama za juu kabisa, na mwishoni, mahali pa maoni, niliandika: ni mwalimu mzuri, hana usumbufu.

Mdogo wako